Mwanapunda Huzaliwa Bila Askari

(Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya vikundi vya kujisaidia vinavyofuga punda, Kathonzweni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka mbali na mmeacha ndengu zikingoja kuvunwa. Sitawaweka sana. Mkiona narefusha, msikae mkinung'unika chini chini, nipigieni makofi nitaelewa.

Leo nimeombwa niseme juu ya damu ya punda. Najua tangazo lilipotolewa wengine walicheka. Mzee mmoja aliniuliza pale nje, "Damu ya punda itatusaidia nini, na hata kumla hatumli?" Sasa ngoja, mzee. Niliahidi kwamba siku moja nitaeleza hadharani kwa nini mwanapunda wa kile kikundi alikufa, na nani alikuwa na kosa. Habari hiyo mmeisikia sokoni ikiwa na chumvi nyingi. Leo mtaisikia bila chumvi.

Kikundi chenyewe sikitaji, wanachama wake wengine wako hapa. Walikuwa na punda jike wanne walionunuliwa kwa michango ya miaka miwili. Mapatano yalikuwa kwamba kila mwanapunda atakayezaliwa apewe mwanachama kwa kura. Kura ya kwanza ilimwangukia mjane mmoja, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akibeba maji mgongoni kutoka kisima cha mchangani. Mnajua furaha aliyokuwa nayo. Alianza hata kutafuta kamba.

Punda alizaa usiku. Mama aliyekuwa na zamu ya ulinzi wiki ile alimkuta mwanapunda alfajiri, amesimama, mzima, masikio marefu kuliko kichwa. Lakini kwenye ratiba punda yule alikuwa na zamu ya maji asubuhi hiyo, mitungi minne, safari mbili. Mama akafuata ratiba. Mwanapunda akafungwa nyumbani asichoke njiani. Mama yake aliporudi, jua limekwisha pita utosi, kiwele kimejaa, na kijana mmoja akakamua yale maziwa mazito ya njano akayamwaga chini, kwa maana alikuwa amefundishwa kwamba hayo ni maziwa yaliyooza. Jioni mwanapunda akaachiliwa anyonye. Alinyonya vizuri sana. Kila mtu akaenda kulala ametulia.

Siku ya tatu mwanapunda hakutaka kuamka. Mwili ulikuwa moto, magoti yamevimba, kitovu kinatoa usaha. Daktari wa mifugo alikuja, akamdunga dawa, akachukua damu kidogo shingoni akaiweka kwenye kichupa. Siku ya tano mwanapunda alikufa.

Halafu yakaanza maneno. Nani alimwona wa kwanza? Ni yule mama wa zamu. Na yule mama hakujaliwa mtoto. Basi, wakasema ana jicho, hapendi kuona kitu kimezaliwa. Hawakumwambia usoni, ila alipokuja mkutanoni benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Mkutano wa pili hakuja. Mjane naye hakusema neno. Alichukua mtungi wake akarudi kisimani.

Majibu ya ile damu yalitufikia baada ya mwanapunda kuzikwa. Karatasi ilisema kiasi cha kingamwili ni chini ya 200, mahali ambapo panatakiwa kuwa 800 au zaidi. Nambari hiyo moja ilimaliza ugomvi wote. Lakini ili muielewe lazima turudi nyuma kidogo.

Ndani ya damu ya mnyama, na ya kwako wewe unayenisikiliza, kuna askari wadogo sana. Hawa ndio tunaowaita kingamwili. Si wadudu. Ni protini zinazotengenezwa na mwili wenyewe, na kila moja ina umbo la kumshika adui wake mmoja, kama ufunguo na kufuli. Kingamwili ya pepopunda haina habari na kichaa cha mbwa. Adui akiingia mara ya kwanza mwili unachukua siku kadhaa kujifunza kutengeneza askari wanaomfaa, na katika siku hizo ndipo mgonjwa anaumia au anakufa. Akipona, mwili unaweka kumbukumbu. Adui akirudi, anakuta askari wako mlangoni. Chanjo ni hiyo hiyo: unauonyesha mwili sura ya adui aliyefungwa mikono, ili ujifunze bila kuugua.

Sasa kina mama, nisaidieni. Mlipokuwa wajawazito, kliniki waliwadunga sindano ya nini? (Pepopunda!) Ndiyo. Na kwa nini wakudunge wewe na anayeogopewa kuugua ni mtoto? Ni kwa sababu kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto wa binadamu huzaliwa na askari wa mama yake tayari kwenye damu.

Punda hana njia hiyo. Wala farasi, wala ng'ombe, wala mbuzi. Kondo lao lina kuta nyingi mno kati ya damu ya mama na ya mtoto. Chakula kinapita, hewa inapita, askari hawapiti. Kwa hiyo mwanapunda anaanguka kwenye majani, samadi na vumbi akiwa na damu isiyo na askari wa kutosha hata kidogo. Anaweza kutengeneza wake, lakini pole pole, inachukua wiki nyingi, na hafikii nguvu ya kumtosha mpaka miezi mitatu hivi. Katikati hapo anaishi kwa mkopo. Anakopa kwa mama yake, na mkopo wenyewe uko kwenye dang'a.

Dang'a ni yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, yanayonata vidoleni. Yale ambayo yule kijana alimwaga. Katika wiki za mwisho kabla ya kuzaa punda jike huchota kingamwili kutoka damuni mwake akazikusanya kwenye kiwele. Mwanapunda akinywa, utumbo wake unazipitisha nzima nzima mpaka kwenye damu. Lakini mlango huo wa utumbo hauko wazi siku zote. Saa za kwanza 6 uko wazi kabisa. Kufika saa ya 12 umeanza kufungwa. Kufika saa ya 24 umefungwa, na haufunguki tena maisha yake yote. Baada ya hapo hata ukimpa ndoo ya dang'a, kwake ni chakula tu kama uji.

Ndiyo maana yule mwanapunda alinyonya vizuri jioni na bado akafa. Alizaliwa usiku, akapewa titi jioni, na hata hiyo aliyonyonya ilikuwa maziwa ya kawaida, dang'a iko chini kwenye vumbi. Viini vikaingia kwa kitovu, vikatembea na damu mpaka magotini, na hapakuwa na askari wa kuvizuia.

Sasa ile nambari. Damu ya mwanapunda ikichukuliwa akiwa na umri wa saa 18 hadi 24, maabara hupima uzito wa kingamwili za aina inayoitwa IgG, kwa miligramu katika kila mililita 100 za seramu. Seramu ni yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda. Ikiwa 800 au zaidi, mwanapunda ameshiba askari. Kati ya 400 na 800 amepata nusu, angaliwe sana. Chini ya 400 hakupata. Huyu wetu alikuwa chini ya 200. Kuna namna nyingine rahisi, daktari anatia matone ya dawa iitwayo glutaraldehaidi kwenye seramu kidogo na kutazama saa. Ikiganda kama rojo ndani ya dakika 10, kingamwili ni za kutosha. Ikipita saa nzima na bado ni maji, hakuna kitu humo ndani.

Jicho la mtu halimwagi dang'a. Na jicho la mtu haliandiki ratiba.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Ratiba ile ya maji niliandika mimi. Niliipiga chapa ofisini, nikaleta nakala, nikaisifu mbele ya kikundi kwamba sasa hakuna punda atakayekaa bure. Sikuandika popote kwamba punda aliyezaa apumzike. Nimesomea maendeleo ya jamii, nina diploma, lakini juu ya punda kuzaa sikuuliza hata mzee mmoja. Nilipoisoma karatasi ya maabara mbele ya kikundi nilianza na hilo, ndipo nikamgeukia yule mama. Sitawaambia niliyomwambia. Alirudi mkutanoni, ingawa alichukua miezi. Yuko hapa leo na amenipa ruhusa niseme.

Haya, tuendelee, maana kuna ya kufanya.

Kwanza, zamu. Punda akibakiwa na mwezi mmoja kuzaa, apunguziwe mizigo, na akizaa asiguswe na kazi. Punda hubeba mimba mwaka mzima au zaidi, sasa kumpumzisha ni hasara gani kubwa? Na tukumbuke punda wamekuwa haba. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilipata punda kama milioni 1.8 Kenya nzima. Ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Machinjio ya kuuza ngozi yalikuwa yamefunguliwa katikati ya muda huo, na wengi wenu mnajua punda waliopotea usiku. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 nchi za Umoja wa Afrika zikakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Makubaliano ni mazuri lakini hayazai punda. Anayezaa ni yule wako pale nyuma ya nyumba.

Pili, usiku wa kuzaa kaeni na saa. Mwanapunda mzima husimama ndani ya saa moja, hunyonya ndani ya saa mbili, na kondo la nyuma hutoka ndani ya saa tatu. Moja, mbili, tatu, hata mtoto wa shule anaweza kushika. Kama saa mbili zimepita hajanyonya, msingoje jogoo. Kamueni dang'a kwenye kikombe safi mkamnyweshe kwa chupa yenye chuchu, robo lita, halafu tena baada ya saa moja, mpaka ifike kama lita moja kwa saa zile sita za kwanza. Kichwa kiwe usawa wa mwili, kisiinuliwe juu kama anayenyweshwa dawa, maziwa yataingia mapafuni. Na kama hana nguvu ya kumeza kabisa, msimlazimishe, hiyo ni kazi ya daktari na mpira wake. Kitovu kipakwe dawa ya kuua viini mara anapozaliwa, na tena siku ile.

Tatu, na hili wengi hawalijui. Askari wa dang'a ni wale ambao mama amewahi kuwahitaji. Punda aliyeishi hapa anabeba askari wa viini vya hapa. Mkienda kununua punda mwenye mimba pesa nyingi kule upande wa Kajiado, na akazaa wiki moja baada ya kufika, dang'a yake ni ya kule alikotoka. Mleteni mapema, angalau mwezi mmoja au mwezi na nusu kabla. Ni kama askari wa kigeni, mpeni muda wa kujifunza vichochoro. Na ikiwa mama anavuja maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa, jueni dang'a inaisha chini. Ikingeni, mkaihifadhi kwenye friji ya mtu wa dukani.

Nne, pepopunda. Jina lenyewe linatuambia wazee wetu wa Kiswahili walikuwa wamemwona punda amekauka miguu na taya. Punda na farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo, na mgongo wenye kidonda cha mzigo ni mlango wake. Chanjo ipo. Punda hudungwa mara mbili, wiki nne kati yake, halafu kila mwaka. Punda jike mwenye mimba adungwe ya kuongeza nguvu wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, ili kingamwili ziwe nyingi wakati ule ule anapojaza kiwele. Hapo sindano moja imewakinga wawili. Lakini mwanapunda wa mama aliyechanjwa asichanjwe mapema, mngojee afike miezi 6 hivi. Askari wa mama wakiwa bado damuni wanaiharibu chanjo kabla mwili wa mtoto haujaiona.

Nikiwa hapo niwape kitu cha kusimulia nyumbani. Mwaka 1890 kule Berlin, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato waligundua kwamba seramu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda inaweza kumkinga mnyama mwingine. Baadaye wakatumiwa farasi, kwa kuwa wana damu nyingi. Na mpaka leo dawa nyingi za sumu ya nyoka, zile zinazotafutwa hospitalini mtu anapoumwa na kifutu huku kwetu au Kitui, hutengenezwa kwa kingamwili za farasi. Kwa hiyo mzee uliyeniuliza pale nje, jamaa ya punda wako yuko hospitalini anatibu watu.

Sasa niingie kwenye jambo linalochanganya watu, na hata mimi lilinichanganya. Baada ya tukio lile vikundi vilianza kusema, "Basi kila punda apimwe kingamwili, tujue nani mgonjwa." Si rahisi hivyo. Kingamwili ni nyayo za adui kwenye njia. Ukiona nyayo unajua amepita. Hujui kama yuko ndani ya nyumba.

Tuseme punda wako mkubwa ana homa na daktari anashuku ugonjwa fulani. Atachukua damu leo, na tena baada ya wiki mbili au tatu. Kwa nini mara mbili? Fikirini chai ya rangi. Chukua kikombe cha chai, ongeza maji kiasi kile kile, onja. Ongeza tena, onja. Chai hafifu ladha inapotea mara ya pili. Chai kali inafika mara ya tano au ya sita bado unaisikia. Maabara hufanya hivyo na seramu. Huipunguza nguvu sehemu 1 kwa 10, 1 kwa 20, 1 kwa 40, 1 kwa 80, ikitazama ni wapi kingamwili zinaacha kumshika adui. Damu ya kwanza ikiishia 1 kwa 20 na ya pili ikafika 1 kwa 160, askari wameongezeka mara nane. Kanuni ni kwamba zikipanda mara nne au zaidi, adui ni wa sasa hivi. Lakini zote mbili zikiishia 1 kwa 40, hizo ni nyayo za zamani, na homa ya leo ina mwenyewe mwingine. Pengine ni kupe. Pengine ni njaa.

Kuna njia nyingine ya kujua upya na uzee wa nyayo. Askari wa kwanza kutoka ni aina ya IgM, hutoka mbio na hawadumu. IgG huja baadaye, hao hukaa miezi na miaka. Mnaokumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, nyama ilipogomewa, maabara zilitafuta IgM kwenye damu ya mifugo na ya watu, kwa sababu ikionekana maana yake ugonjwa ni wa juzi juzi.

Na jibu lile lile, "kingamwili zimepatikana", linaweza kuwa habari njema au mbaya kufuatana na ugonjwa. Kuna ugonjwa mkali wa farasi wa Afrika, virusi vyake vinachukuliwa na usubi. Unaua farasi wengi sana. Farasi wa mashindano kule Ngong Nairobi huchanjwa. Pundamilia wetu wa Chyulu na Tsavo wanaweza kubeba virusi hivyo bila kuonekana wagonjwa, na punda wa Afrika kwa kawaida huugua kidogo tu au hata usijue. Punda wa huku akipimwa akakutwa na kingamwili za ugonjwa huo, usimchinje wala usimuuze kwa hofu. Alishakutana nao akashinda. Upande wa pili kuna ugonjwa wa farasi wa kupungukiwa damu unaotokana na virusi, ambao mnyama akiupata hauponi. Daktari Leroy Coggins wa Marekani alitengeneza kipimo chake mwaka 1970, na farasi wengi hawavuki mpaka wa nchi bila cheti cha kipimo hicho. Hapo kingamwili zikionekana maana yake adui bado yuko ndani na atakaa maisha yote.

Na mara nyingine kutoonekana ndiyo furaha. Wazee mnaikumbuka sotoka. Chanjo nzuri ya kuimaliza ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, na Daktari Walter Plowright. Miaka ya kuchanja, damu za ng'ombe zilipimwa kuona kama kingamwili zimetosha. Chanjo ikasimamishwa, na kazi ikageuka. Sasa walipima ng'ombe wachanga na wanyama wa porini wakiomba wasikute hata moja, kwa maana ng'ombe asiyechanjwa akikutwa nazo, sotoka bado inatembea. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa kwa nyati wa mbuga ya Meru, 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani. Ilitangazwa kwa ushahidi wa vichupa vya damu.

Kuhusu kuchukua damu, msijaribu wenyewe, mshipa wa shingo hauna mchezo. Lakini kazi yenu ni kubwa baada ya daktari kuchukua. Kichupa kiandikwe jina la kikundi, punda gani, umri, tarehe na saa. Kiwekwe kimesimama kivulini mpaka damu igande. Kisitikiswe, kisitiwe kwenye barafu moja kwa moja, damu ikipasuka inakuwa nyekundu yote na maabara wataitupa. Halafu kisanduku baridi, na safari. Kupitia ofisi ya mifugo ya kaunti pale Wote vinaweza kupelekwa maabara ya serikali Kabete, au ile ya Mariakani kwenye barabara ya Mombasa. Muulize daktari kwanza gharama na kipimo gani hasa, maana karatasi ikisema tu "pimeni damu" hakuna atakayejua mnatafuta nini.

Nimesikia makofi. Nimeelewa. Nijibu maswali mawili yaliyoandikwa hapa, nikae.

Swali la kwanza: mwanapunda akikutwa na chini ya 400 tumfanyeje, mlango umekwisha fungwa? Njia iliyobaki ni kutiwa kwenye mshipa maji ya damu ya punda mkubwa mwenye afya, na hiyo ni kazi ya daktari, ni ghali, na huku kijijini mara nyingi haiwezekani. Kama haiwezekani, mwekeni mahali pakavu pasafi, peke yake na mama yake, angalieni kitovu na magoti asubuhi na jioni, na daktari aitwe dalili ya kwanza, si ya tatu. Wengine hupona. Si wengi.

Swali la pili linauliza, yule mjane alipata punda? Alipata. Kikundi kilikubali kura yake ibaki. Punda wa pili alizaa saa nane usiku, na aliyekuwa amekaa na tochi na saa ya mkono ni yule yule mama wa zamu, aliomba mwenyewe. Kwenye daftari aliandika: amesimama saa nane na dakika arobaini, amenyonya saa tisa na nusu. Damu ilichukuliwa usiku uliofuata kabla ya saa 24 kwisha, ikapita 800. Ni jike, na kamba ile ya kwanza ndiyo anayofungiwa. Hajaanza kubeba maji, bado mdogo, na nawaomba mnaoishi karibu na mjane huyo mumsaidie mitungi mpaka atakapokomaa.